Dume wa faita (samaki mpiganaji) amemrarua jike usiku wa pili: nakosea wapi?

#1 KijanaUmoja
Wakuu habari zenu. Nina faita dume, bluu, mapezi marefu, miezi minane hivi. Jike nilimnunua wiki tatu zilizopita kwa jamaa wa mtaani, wa rangi nyekundu iliyofifia, mfupi kidogo kuliko dume. Nimewalisha siku kumi, viluwiluwi vya mbu asubuhi na jioni. Tangi ni la futi mbili, maji nimeyashusha hadi sentimita 12. Kikombe cha plastiki nimekikata nusu nikakiacha kielee kwenye kona, na dume akajenga kiota cha mapovu chini yake, kinene kama povu la omo.

Jike nilimweka ndani ya chupa ya maji iliyokatwa kichwa, humo humo tangini, siku nzima. Dume akawa anajipitishapitisha mbele yake ametunisha mashavu. Siku ya pili, saa mbili usiku, nikamwachilia jike. Dakika kumi za kwanza, sawa. Nikaenda kula. Kurudi, mkia wa jike umebaki kama ufagio uliozeeka, magamba yametoka ubavuni, amejibana nyuma ya hita. Nimemtoa, yuko kwa ndoo, anapumua.

Nimesoma kwingi kwamba dume lazima amfukuze jike kidogo. Hiki "kidogo" ni kiasi gani? Na nakosea wapi?

#2 Mchunguliaji
Nimeweka kiti mbele kabisa. Uzi wa ndoa huu.

#3 MamaTausi
Pole mwanangu. Lakini hapo kwa "nikaenda kula" nimerudia kusoma mara mbili. Faita wakikutanishwa mara ya kwanza wewe ni mchungaji, huondoki. Mimi huketi na kikombe cha chai, wavu mkononi, hata saa mbili nzima. Sasa nijibu: kabla hujamwachilia, jike alikuwa na mistari gani ubavuni? Ya kusimama au ya kulala?

#4 FundiVioo
Mistari baadaye. Ndani ya tangi kulikuwa na nini? Nikisoma #1 naona hita, nusu kikombe na maji. Hilo si tangi, ni ulingo wa ndondi. Jike akitaka kukimbia aende wapi, apande ukutani? Weka majani mengi, vigae vya chungu kilichovunjika, vipande vya paipu. Mimi huchemsha uzi wa kufumia sweta, naufunga mafungu na kuuning'iniza ndani hadi unafanana na magugu. Wateja wangu wa Kariobangi wananicheka, lakini majike wao wanatoka na mikia.

#5 KimyaRongai
Fundi, kwa heshima, hapo sikubali. Miaka mitano nazalisha kwenye beseni la kufulia, ndani hamna kitu isipokuwa jani moja la kuelea. Vificho vikizidi jike anajificha siku tatu, dume anamaliza nguvu akimsaka na kiota kinasambaratika. Nimepoteza jike mmoja tu miaka yote hiyo, na yule alikuwa mdogo mno kwa dume. Tatizo ni ukubwa. Kijana mwenyewe ameandika jike ni mfupi.

#6 FundiVioo
Mmoja uliyehesabu.

#7 KijanaUmoja
Asanteni. Mama, nimerudi kuangalia video niliyochukua. Kule ndani ya chupa mistari ilikuwa ya kulala, miwili mieusi kutoka jichoni hadi mkiani. Nikadhani ndio urembo wake. Kidoti cheupe chini ya tumbo kipo, hicho nilihakikisha kabla sijatoa pesa.

#8 MamaTausi
Basi tumefika. Mistari ya kulala ni ya woga. Ile ya kusimama, kama ya pundamilia, ndiyo inasema "niko tayari". Ulimwachilia jike aliyekuwa anakwambia hapana kwa mwili mzima. Angekaa kwenye chupa hata siku tatu, nne. Hakuna anayekufukuza.

#9 MwanafunziKabete
Mama yuko sahihi, ila niongeze mawili. Mistari ya kusimama huonekana vizuri kwa majike wenye rangi nzito. Jike mweupe au wa manjano anaweza kuwa tayari kabisa na usione hata mstari mmoja. Huyo mtazame anavyoogelea: kichwa chini, mkia juu, anamsogelea dume polepole. La pili, kidoti cheupe ni mdomo wa mrija wa mayai, hakikwambii ameiva. Jike mchanga anacho, na kuna madume wadogo wenye kitu kinachofanana nacho.

Sasa "kidogo ni kiasi gani". Dume mwenye kiota humwona kila anayesogea kuwa ni mwizi wa mayai, na kweli jike hula mayai akipata mwanya. Anavyomtunishia jike mashavu ndivyo anavyomtunishia dume mwenzake, kwa sehemu kubwa ni ishara zilezile. Kinachobadilisha mambo ni jibu la jike. Akiinamisha kichwa na kuingia chini ya kiota, ugomvi unageuka uchumba. Akitoka mbio, dume anaendelea kumhesabu kuwa adui. Mkia kuchanika hapa na pale ni kawaida. Magamba yakianza kutoka, au jike akilala chini anahema bila hata kujaribu kutoroka, toa saa hiyo hiyo.

#10 KimyaRongai
Daktari, na majike wangu waliotoka mbio siku nzima, kesho yake wakataga?

#11 MwanafunziKabete
Wapo wengi tu. Sikusema ni sheria. Na sijawa daktari, bado nadaiwa mitihani miwili.

#12 MpwaniAsili
Salaam aleikum watu wa bara. Mmepita mistari, mmepita ulingo, hakuna aliyetaja jani la mkungu. Kwetu Mombasa dume akitiwa jani kavu la mkungu, maji yakageuka rangi ya chai ya rangi, hasira hushuka na kiota kikanona. Halafu nasikia huko Nairobi jani moja mnauziwa shilingi thelathini, ndani ya karatasi ya nailoni yenye picha! Sisi tunayafagia kila asubuhi na kuyatia moto.

#13 JogooRoad
Mkungu wa ndizi? Mwezi wa tatu nilisoma maneno kama haya nikatia jani la mgomba. Siku ya nne nyumba ilinuka kama machinjio. Mke wangu alitoa hukumu, tangi likahamia kwa balkoni.

#14 MpwaniAsili
Lahaula! Mkungu wa ndizi ni wa ndizi. Mimi nasema mkungu mti, ule ambao matawi yake yamelala tabaka kwa tabaka kama ghorofa, matunda yake kungu, watoto huligonga kokwa kwa jiwe wakala kiini. Jani lake uchukue lililoanguka lenyewe, jekundu au kahawia, likauke kabisa. Jani bichi la mgomba! Nairobi mna mambo.

#15 MwanafunziKabete
Kwa kitaalamu ni Terminalia catappa. Jani hutoa tanini (ile dawa chungu ya majani inayotia maji rangi), huteremsha pH kidogo, yaani maji yanakuwa na asidi zaidi, na husaidia dhidi ya kuvu kwenye mayai. Hiyo ya hasira kushuka, mimi naona ni macho tu: maji yakiwa na rangi ya chai dume hamwoni jike kutoka kona hadi kona. Akimpoteza machoni, anamsahau kwa muda.

#16 MpwaniAsili
Wewe ite macho, mimi niite baraka. Dume ametulia au hakutulia?

#17 BaridiKasarani
Kurasa zote hizi na hakuna aliyeuliza tuko mwezi gani. Julai, jamani! Samaki huyu ni wa Thailand, wa mashamba ya mpunga na mitaro ya maji moto, mnamzalisha Nairobi mita karibu 1,800 juu ya bahari huku sisi wenyewe tumevaa jaketi mbili. Kwangu bila hita maji yalisoma nyuzi 18 asubuhi. Wa kuzalisha anataka 26 hadi 28. Jike kwenye baridi haivi mayai hata umlishe nini. Kijana, hita ilikuwa inafanya kazi? Stima je?

#18 KijanaUmoja
Hita ipo, wati 50. Stima zilipotea jioni hiyo kwa muda wa kama saa moja, zikarudi. Maji sikupima.

#19 BaridiKasarani
Sina maswali zaidi.

#20 BongoTemeke
Wakuu wa Nairobi, salamu kutoka Dar. Mimi hita sijawahi kuiona kwa macho yangu. Ndoo ikikaa ndani tu inasoma nyuzi 28. Na dume wangu alimtoa jike jicho. Jicho, mkuu. Sasa hiyo baridi ilitokea wapi?

#21 BaridiKasarani
Kaka, sikusema joto linaleta amani. Nasema baridi inamchelewesha jike, dume anachoka kungoja.

#22 KimyaRongai
Samaki aliyepigwa na baridi ni mzito, hata chakula anakitazama tu. Huyu wa #1 amemaliza mkia mzima kwa muda wa sahani moja ya ugali. Huyo hakuwa na baridi.

#23 JogooRoad
Ugali na nini? Kama ni ugali na samaki, labda dume alisikia harufu.

#24 MamaTausi
😂 Wewe rudi kwa balkoni yako.

#25 KitabuNaKahawa
Mnamlaumu jike, baridi, tangi. Mtazameni dume ametoka wapi. Kule Siam (Thailand ya zamani) walimfuga kwa ajili ya kupiganisha, vizazi na vizazi, anayezalishwa ni yule aliyeshinda. Haya mapezi ya kanzu ni mapambo yaliyoongezwa baadaye na wafugaji. Mtaalamu wa viumbe Theodor Cantor alimwandika mwaka 1849 kwa jina pugnax, yaani mpenda ugomvi. Mwaka 1910 mtaalamu wa samaki Tate Regan akampa jina la leo, Betta splendens. Na 2019 Thailand ikamtangaza kuwa mnyama wa taifa wa majini. Kwa ufupi, umefuga bondia ukamvisha gauni. Ukikuta damu ya plakati, wale wa mapezi mafupi, imo ndani yake, hata jike mwenye mistari ya kusimama hana usalama. Muulize aliyekuuzia.

#26 MwanafunziKabete
Sahihisho dogo kwa #25. Regan hakubadilisha jina kwa mapenzi yake. Aligundua kuwa pugnax lilikuwa tayari ni la samaki mwingine, ndipo huyu mpiganaji akahitaji jina lake. Betta pugnax yupo hadi leo na hana mambo ya kiota cha mapovu: dume wake huatamia mayai mdomoni.

#27 MvuviKisumu
Eti mdomoni? Basi huyo ni shemeji ya fulu. Fulu wetu wa ziwani, jike akitaga anayachukua mayai mdomoni na kukaa nayo wiki kadhaa, taya limevimba. Ngege vilevile. Kwa nini mnajitesa na hawa wa mapovu? Fugeni fulu, hakuna chupa, hakuna kikombe.

#28 FundiVioo
Nilimtengenezea mteja tangi la fulu, futi tatu. Dume mmoja aliwafukuza majike wawili hadi wakaruka nje. Ndugu yangu, hakuna dume wa mdomoni wala wa mapovu aliye mpole kwenye kioo cha futi tatu.

#29 MvuviKisumu
Ziwani hatuna kioo, hilo nakubali.

#30 FundiVioo
Mmenikumbusha kioo. Kijana alimwachilia jike saa mbili usiku. Taa ya tangi ikiwaka na chumba kikiwa giza, kioo kwa ndani kinakuwa kama cha kinyozi. Dume anamwona dume mwenzake pale, anatunisha, anashambulia, hampati. Hasira zote zinamwangukia jike. Bandika gazeti pande tatu za nje, umwachilie jike asubuhi. Hili nimelishuhudia kwa macho, si la kusoma.

#31 KimyaRongai
Ndiyo maana beseni langu halina shida! Plastiki nyeusi. Si ukubwa peke yake basi.

#32 FundiVioo
Naona leo umekubali kitu.

#33 KimyaRongai
Nusu.

#34 MwanafunziKabete
Suala la nani anatazama lina uzito. Watafiti Doutrelant, McGregor na Oliveira walichapisha mwaka 2001 kwamba dume anayegombana na dume mwenzake huku jike akitazama hupunguza kuuma na kuzidisha kujionyesha. Na mwaka mmoja kabla, Doutrelant na McGregor walionyesha kuwa jike aliyeshuhudia madume wawili wakipigana baadaye hukaa zaidi karibu na mshindi. Wanasoma mazingira kuliko tunavyodhani.

#35 Mchunguliaji
Kwa hiyo jike anampenda mbabe, halafu sisi tunakesha hapa tukishangaa kwamba mbabe ni mbabe.

#36 DadaLangata
Samahani, nimefika nimechelewa. Kijana, weka picha ya huyo jike.

#37 KijanaUmoja
[picha] Hii ni ya leo. Mkia umeanza kurudi, ile sehemu mpya inaonekana kama karatasi ya kuangaza. Nabadilisha maji robo kila siku, ndoo nimeiweka juu ya friji ambako kuna joto.

#38 DadaLangata
Huyo si jike.

#39 Mchunguliaji
Nasogeza kiti.

#40 DadaLangata
Angalieni ndevu chini ya mashavu akitunisha, zimetokeza nje nzima. Pezi la tumbo limechongoka. Huyo ni dume wa plakati mwenye mapezi mafupi, ameuzwa kama jike. Iliwahi kunipata, nilimtunza "jike" miezi miwili nikimngoja anenepe mayai, siku moja naamka amejenga kiota chake.

#41 BongoTemeke
Mkuu @KijanaUmoja, ulikuwa unaozesha mabondia 😂😂

#42 MamaTausi
Ndevu hata majike wanazo, ni fupi tu. Na majike pia hutunisha. Wengine hata hujenga viota vidogo, kwa hiyo binti yangu hata kiota si ushahidi. Picha imepigwa kwa juu, siwezi kuapa. Mwanangu, mulika tochi ya simu kutoka upande wa pili. Jike wa rangi nyepesi kama huyo utaona nyuma ya tumbo kitu cha manjano chenye umbo la sambusa. Hayo ndiyo mayai.

#43 KijanaUmoja
Nimemulika. Sambusa ipo. Ndogo lakini ipo.

#44 DadaLangata
Sijashawishika. Tukutane akitaga.

#45 KijanaUmoja
Nimekaa kimya wiki mbili, nimerudi na habari. Nimefuata karibu kila mtu, kwa hiyo sijui ni nani wa kumshukuru hasa.

Gazeti pande tatu (Fundi). Majani ya mkungu mawili, nimelipa sitini, Mpwani usinicheke. Uzi wa sweta nusu ya tangi, nusu nyingine wazi (Fundi na Kimya mgawane). Kipimajoto, nyuzi 27. Badala ya chupa nikatumia kioo cha kandili ya marehemu bibi, kiko wazi juu na chini, unakisimamisha ndani ya maji jike akiwa katikati. Kumwachilia unakiinua tu polepole, hakuna kummwaga samaki kama maji ya kuoshea vyombo. Nadhani chupa yangu ya kwanza ilimshtua kabla hata dume hajamgusa.

Siku ya kwanza, mistari ya kulala. Ya pili, hakuna mstari wowote. Ya tatu asubuhi, ya kusimama, na jike amegandamiza pua kwenye kioo upande wa kiota. Nikainua saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, na sikula chochote hadi saa saba.

Dume alimfukuza. Alimng'ata mkia mara mbili, kipande kikatoka. Jike akaingia kwenye uzi, akatoka, akafukuzwa tena. Mama, mkono wangu ulikuwa kwenye wavu muda wote. Saa nne na kitu jike akaenda mwenyewe chini ya kiota, kichwa kimeinama. Dume akamzungushia mwili kama shuka. Mara tano za kwanza hakuna kitu. Ya sita, mayai meupe yakaanza kudondoka kama chembe za unga, dume akashuka kuyaokota kwa mdomo na kuyatemea kwenye mapovu. Jike akabaki anaelea ubavu, kama amekufa, nikataka kupiga kelele.

#46 MamaTausi
Hiyo ni kawaida, huzubaa hivyo sekunde chache kila baada ya kukumbatiwa. Hongera sana mwanangu!!

#47 DadaLangata
Sawa. Ni jike. Nimekubali, msinitafute inbox.

#48 KijanaUmoja
Ngojeni, haijaisha. Walirudia kwa muda wa saa tatu hivi. Mwishoni jike akaanza kuokota mayai na yeye, nikafurahi, kumbe yale ya mwisho hayatemi. Dume akamgeukia kwa hasira mbaya kuliko ya ile siku ya kwanza. Nikamtoa jike hapo hapo. Dume akabaki anatengeneza mapovu, mayai mia hivi nikikadiria. Jumapili yote akalinda. Usiku nilimulika tochi mara kadhaa kuangalia. Jumatatu asubuhi kiota kitupu. Hakuna yai, hakuna kifaranga. Dume amenona.

#49 BaridiKasarani
Stima?

#50 KijanaUmoja
Zilikuwepo usiku kucha. Nyuzi 27 asubuhi.

#51 KimyaRongai
Tochi. Mara kadhaa! Kila ukimulika dume anaona kuna adui juu ya kiota, anaona bora ale mwenyewe kuliko aibiwe. Beseni langu nalifunika, nafungua baada ya siku mbili.

#52 MamaTausi
Mimi naona ni ugeni wa kazi. Dume wa mara ya kwanza hula mayai mara nyingi, wa pili au wa tatu anatulia. Nina mmoja alikula makundi matatu ya mayai mfululizo, la nne akalea kama yaya.

#53 MwanafunziKabete
Au hayakurutubishwa. Mayai yasiyorutubika huota kuvu, na dume mlezi huyaondoa kwa kuyala ili kuvu isienee. Zile mara tano za mwanzo bila kitu huenda zinaonyesha hawajalingana vizuri. Yaliyo hai huanguliwa ndani ya siku moja hadi mbili, kwa hiyo Jumatatu asubuhi ulipaswa kuona vimikia vinaning'inia.

#54 KitabuNaKahawa
Au vilikuwepo vikaliwa vikiwa vifaranga. Damu ya ndondi, nilisema.

#55 BongoTemeke
Njaa je? Alilishwa Jumapili?

#56 KijanaUmoja
Sikumlisha, nilisoma kwamba anayelinda asilishwe, chakula kinachafua maji.

#57 BongoTemeke
Mimi humpa kiluwiluwi kimoja kimoja. Anakula, anarudi kazini.

#58 MamaTausi
Mimi simpi kitu hadi vifaranga vianze kuogelea vyenyewe, na siku hiyo hiyo namtoa. Kila mtu na dume wake.

#59 FundiVioo
Gazeti lilikuwa bado limebandikwa?

#60 KijanaUmoja
Upande mmoja lililowa likadondoka.

#61 FundiVioo
Ahaa.

#62 KimyaRongai
Fundi wewe ukiulizwa mbona mvua imekosa utasema gazeti lilidondoka.

#63 KijanaUmoja
Dume ameanza kujenga tena jana. Jike nampumzisha wiki mbili, tumbo limeingia ndani. Mpwani, kama kweli mnayachoma hayo majani, nitumie. Nauli ya basi nalipa.

#64 MpwaniAsili
Gunia zima lishajaa, kaka. Nimelitia basi la usiku, andaa mtu wa kulipokea River Road.

#65 KijanaUmoja
Limefika. Konda alinishika nusu saa, anataka kujua ni muguka gani huu (yale majani ya kutafuna) unatoka Mombasa kuja Nairobi ilhali ule mwingine wote unashuka pwani. Nikamwambia ni wa kutuliza hasira za samaki. Ameniomba mawili, anasema ana makanga mwenzake.